Kuulisha Mkuyu wa Bi Hoa

Ilikuwa harufu ya dagaa, ila haikuwa dagaa. Ilitoka kwenye chupa ya plastiki niliyoifungua asubuhi moja kwenye roshani ya fleti yetu ya Merrylands, magharibi mwa Sydney, mwaka wa pili wa korona, ikaenea nyumba nzima kabla sijarudisha kifuniko. Nikasikia kandambili zikiburuzwa sebuleni. Bibi yangu mzaa mama, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa hatoki chumbani ila kwenda chooni, alisimama mlangoni na kitenge chake kifuani, akinusa. “Nani anakaanga dagaa?” akauliza. Nikamjibu kwa Kiingereza, kama nilivyokuwa nikimjibu siku zote wakati ule: “Nobody, Bibi. It’s plant food.” Alinitazama kama mtu aliyeitwa mezani akakuta sahani tupu. Kisha akauona mti mdogo niliotaka kuutilia mbolea ile, na hakurudi tena chumbani asubuhi ile.

Mtaa wetu ulikuwa umefungiwa. Helikopta zilipita juu ya mapaa, polisi walisimamisha watu kuwauliza wanakwenda wapi, na mimi nilisoma darasa la tisa kwenye kompyuta iliyokuwa ikikwama kila mwalimu alipofika penye maana. Mama alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee. Akirudi kazini alivua viatu nje, akaingia bafuni moja kwa moja, kisha akalala kwenye kochi na barakoa yake ili asituambukize. Katikati ya hayo, mdogo wake Bibi, aliyekuwa amebaki kambi ya wakimbizi Kigoma, alifariki kwa homa. Tulimzika kwa simu. Mtandao ulikatika mara kwa mara, uso wa padri ukaganda mdomo wazi, na uliporudi kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hakuna aliyelia. Mama alichaji simu, mimi nikarudi kwenye hesabu. Nakumbuka nikijibonyeza mkono kwa kucha kuona kama nitaumia, nikaumia kidogo tu.

Tangu siku ile Bibi aliacha kula. Mama akapika kila alichokijua: sombe ya majani ya muhogo, maharage ya mawese, ugali, mbuzi wa kuchemsha. Alijaza sahani mpaka inamwagika, akaipeleka chumbani, akaitoa baadaye ikiwa vilevile, mchuzi umeganda juu. “Mama, kula, utatufia,” alimwambia akiwa amesimama mlangoni. Bibi alijibu kwamba ameshiba. Vitenge vikaanza kumzunguka mara mbili. Niliogopa kwamba atakufa, lakini hata woga wenyewe niliusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Mti haukuwa wetu. Ulikuwa wa Bi Hoa, mjane wa Kivietinamu aliyeishi chini yetu. Siku gari la wagonjwa lilipokuja kumchukua, alimpigia Mama simu kutoka mlangoni kwake akamwomba autunze mpaka atoke hospitali. Marehemu mumewe ndiye aliyeufinyanga, akiupunguza mizizi na kuupinda matawi kwa waya miaka mingi, mpaka ukawa mti mzima wenye shina nene na makunyanzi, lakini haufiki urefu wa mkono wangu, umekaa kwenye chombo cha udongo kifupi kama sahani. Huo ndio bonsai. Maagizo yalikuwa mepesi: msimu wa joto ukianza kuingia, mbolea ya samaki, kifuniko kimoja kwenye kopo kubwa la maji, kisha usubiri wiki mbili. Mama akanipa mimi kazi hiyo, nami niliifanya bila kufikiri, kama nilivyofanya kila kitu.

Bibi alichuchumaa, akalishika jani kwa vidole viwili. “Huu mkuyu,” akasema. Aliijua mikuyu. Nyumbani kwao Burundi ulikuwepo mmoja uani, mbuzi wote wa ukoo walilala chini yake na bado pakabaki nafasi ya harusi. Nikajaribu kumweleza kwamba huu umefanywa mdogo kwa makusudi, ni urembo, watu wanalipia. Akakataa katakata. “Makusudi gani? Mti hii imedumaa. Imenyimwa chakula. Angalia tumbo yake!” Kweli shina lilikuwa limevimba chini, kwa ufundi, lakini Bibi aliwahi kuona miili ya namna hiyo mahali ambapo haikuwa ufundi.

Basi akanipokonya kazi. Kila asubuhi aliamka, akafunga kilemba, akaenda kuulisha. Si kifuniko kimoja, bali bilauri, na tena siku iliyofuata. Aliongeza maji ya kuoshea mchele na maganda ya mayai aliyoyatwanga mwenyewe. Aliusemesha. “Kula, mwanangu, hapa hakuna anayekuhesabia.” Jirani wa pembeni alifunga dirisha kwa harufu. Mama alinikataza nisimzuie, kwa sababu alau sasa Bibi alikuwa juani, na siku nyingine alikubali nusu kikombe cha chai. Lakini sahani zilizidi kurudi zimejaa.

Majani yakaanza kuungua pembeni, rangi ya kahawia, kama yamepitiwa na pasi. Baadaye yakapukutika, wakati miti yote ya barabarani ilikuwa ikichipua. Bibi akaona bado njaa, akaongeza dozi. Siku Bi Hoa alipopata nguvu ya kupiga simu ya video, Mama hakuweza kuficha. Akaielekeza simu kwenye roshani. Bi Hoa, mrija wa hewa puani, aliutazama mti wa mumewe, akakohoa, kisha akasema polepole: “Too much food. Stop now. Wash with water, plenty. Put in shade. Sick tree, no feed.” Hakukasirika. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, akaaga.

“Anasemaje?” Bibi akauliza. Mama alikuwa ameinamia simu, kwa hiyo ikabidi mimi nitafute Kiswahili. “Anasema chakula ilikuwa mingi, Bibi. Iko mgonjwa. Tusiipe kitu, maji tu, mpaka ipone.”

Bibi akakaa juu ya ndoo. “Kama Evariste,” akasema.

Mama alijua kwamba aliwahi kuwa na kaka wa jina hilo aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Hakujua alivyokufa. “Tulifika kambini hatujala siku nyingi,” Bibi alisema, akiutazama mti. “Yeye ilikuwa mifupa tu. Wakatupa ugali na maharage, nikampa yangu yote. Alikula, akacheka, akaomba ingine. Asubuhi hakuamka. Dokta akaniambia, mtoto wa namna ile unampa maziwa, kijiko kwa kijiko. Mimi nilimpa chakula mingi.” Alisema hivyo bila chozi, nasi tukasikiliza bila chozi. Nikaona nimeshika kopo tupu na sijui pa kuliweka.

Mama aliingia ndani. Mezani ilikuwepo sahani ya mchana, imejazwa kama kawaida. Akaiondoa. Akakoroga uji wa ulezi mwepesi, akautia kwenye kikombe kidogo, haujafika hata nusu, akatoka nao na kijiko cha chai. Hakusema kula. Akakaa chini kwenye vigae, karibu na ndoo, akamkabidhi. Bibi akanywa kijiko kimoja, akapumzika, akanywa cha pili. Mimi nikauosha udongo wa mti, maji yakatoka ya kahawia mpaka yakawa meupe.

Mkuyu uliishi, ukapoteza tawi moja. Bi Hoa alirudi na mkongojo, akalikata tawi kavu kwa mkasi mdogo huku Bibi akigeukia ukutani. Sasa mimi ni mtu mzima, nasoma chuo, na namjibu Bibi kwa Kiswahili, kibovu lakini changu. Mtaa una kelele tena, mpaka wenyewe tunalalamika. Watu wakiuzungumzia wakati ule hutaja helikopta na foleni za maduka. Mimi hukumbuka harufu ya dagaa. Juzi tulikuwa tunakula, Bibi akimlaumu Mama kwa chumvi, nikamuuliza bila kupanga Evariste angekuwaje leo. Akafikiri huku akitafuna. “Angekuwa mzee na kitambi,” akasema, akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Mama naye akacheka. Mimi nikalia, kwa sauti, mbele ya chakula, na hakuna aliyeninyamazisha.