Uji wa Mgonjwa Niliomaliza Mimi

Wacha nijicheke mwenyewe kwanza, maana habari hii mkiisikia kwa wale wanawake wa wodi mtaisikia vibaya zaidi: mimi, mtu mzima, fundi wa sare za shule hapa Nyaramba, baba wa watoto watatu, nilikunywa uji wa mke wangu akiwa ametoka kupasuliwa, na si mara moja.

Ngojeni nieleze kabla hamjaniita mlafi. Mke wangu, Mama Moraa, alikuwa na uvimbe kwenye mfuko wa uzazi, umemsumbua miaka, damu haikatiki, mpaka daktari akasema utolewe, na Jumanne asubuhi akaingia thieta katika hospitali moja huko Kisii mjini, akatoka salama, nikamshukuru Nyasae, Mungu wetu. Saa kumi, wakati wa kuona wagonjwa, akaja sista mmoja, msichana tu kwa umri, akanipa kikombe. "Baba, ameamka vizuri na hajatapika. Mpatie huu uji kidogo kidogo."

Uji! Mtu aliyefunguliwa tumbo asubuhi ile ile! Mimi nilijua (ama nilidhani najua, na huo ndio ugonjwa wangu mimi) kwamba aliyepasuliwa hali kitu mpaka atoe hewa, yaani ajambe, samahani kwa walio mezani. Mama yangu mzazi alipopasuliwa nikiwa darasa la sita alikaa siku tatu bila hata chai, na kila aliyekuja kumwona swali lilikuwa moja tu, "Imetoka?", na siku ilipotoka, nyumbani tulichinja kuku. Sasa nikamtazama huyu sista nikasema moyoni, huyu alizaliwa jana, ataniulia mke.

Ningemuuliza tu. Lakini kubishana na watu wa hospitali sikutaka, kwa hivyo nikaamua jambo dogo sana: sista nimkubalie, uji niunywe mimi, na mke wangu nimlinde. Sista akarudi, akakuta kikombe kitupu, akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amemaliza.

"Baba Moraa," mke wangu akasema, "si nimesikia sista akisema ninywe?"

"Hewa haijatoka. Unataka matumbo yafunguke? Vumilia." Nikamlowesha midomo kwa kijiko cha maji, naye akakubali, maana ananiamini.

Jumatano asubuhi ukaja uji tena, na yai. Nikala (yai lilikuwa limeiva vizuri, siwezi kudanganya). Akaniambia, "Nasikia njaa, Baba Moraa, njaa ya kweli," nikamuuliza, "Imetoka?" akasema bado, nikamwambia basi. Sista alipoona mgonjwa anakula namna hiyo akafurahi, akasema dripu haina kazi tena, akaitoa, na hapo ndipo ningesema ukweli, hata mdomo niliufungua, lakini ningeanzia wapi? Mchana vikaja viazi vya kupondwa na supu. Nilivila pia.

Saa kumi akafika mama mkwe. Sasa kwa wasiotoka kwetu, mjue kwamba kati ya Mgusii na mama mkwe wake kuna chinsoni, hiyo heshima ya kuoneana haya: hamtaniani, hamketi karibu, na mambo ya mwili hayatajwi mkiwa mahali pamoja hata kama nyumba inaungua. Yeye akasimama upande ule wa kitanda na akina mama wawili wa kanisani kwake, mimi nikasogea dirishani, tukasalimiana bila kutazamana, kila kitu sawa kabisa. Ndipo sista akasema, "Mama Moraa, leo tutembee mpaka mlangoni." Mke wangu akainuka, akapiga hatua mbili, macho yakamgeuka, akamwangukia sista.

Jameni, wodi ilisimama! Akarudishwa kitandani, daktari akaitwa, mwanamume mrefu asiyecheka, akapima presha akakuta iko chini na moyo unakimbia. Akachukua faili akasoma kwa sauti: jana uji, amemaliza, asubuhi uji na yai, amemaliza, mchana, amemaliza. "Mtu anayekula hivi haanguki kwa njaa," akasema. "Naogopa damu inavuja ndani. Mpimeni haraka, na thieta iandaliwe. Mume yuko wapi atie sahihi?"

Mke wangu aliposikia thieta akaanza kulia, machozi tu, hata nguvu za kutoa sauti hana. Mama yake akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Na mimi nimeshapewa kalamu, nikifikiria ule mshono ufunguliwe tena kwa sababu ya tumbo langu mimi. Nikamsogelea daktari nikamnong'oneza sikioni.

"Sema kwa sauti, mzee, hatuna wakati."

"Nimekula mimi."

"Umekula nini?"

"Uji. Wa jana na wa leo. Na yai. Na viazi."

"Kwa nini?"

Nilitazama sakafu. "Nilikuwa nangoja atoe hewa."

"Hewa gani?" (Huyu mtu hakuwa na huruma hata kidogo.)

"Ajambe, daktari."

Mgonjwa wa kitanda cha nne ndiye aliyeanza kucheka, kisha wodi nzima ikacheka, wanawake wenye mishono wameshika matumbo, mmoja akilia, "Mniache, nitapasuka mimi!" Mama mkwe alijifunika uso kwa leso akageukia ukuta. Uso wangu sikujua niuweke wapi, nikabaki nimesimama na kalamu.

Daktari hakucheka. Alimbonyeza mke wangu tumbo, akamtoboa kidole kupima sukari, ikawa chini kweli, dripu ikarudishwa, na majibu ya damu yalipokuja yakaonyesha haijapungua, basi thieta ikaachwa. Ndipo akanigeukia. "Hiyo ilikuwa sheria ya zamani, mzee. Kwa upasuaji kama huu, mgonjwa akiamka vizuri na hatapiki, anaanza maji na chakula chepesi siku hiyo hiyo. Hatungoji hewa. Chakula ndicho kinachoamsha matumbo. Ukiwa na shaka uliza, usile."

Sista akaleta kikombe kingine. Nikanyoosha mkono nikipokee, nikifikiri angalau nimlishe mwenyewe, na mke wangu akafungua macho akasema, "Mpe Mama." Basi mama mkwe akamlisha kijiko kwa kijiko, akinipa mgongo, na mimi nikatoka nje nikakaa kwenye benchi na wale wanaongoja dawa.

Hewa yenyewe ilitoka Alhamisi asubuhi, ameshakula mara mbili (hilo nililipata kwa kitanda cha nne, si kwa mke wangu). Jumamosi tukaruhusiwa kwenda nyumbani. Jioni, watoto wakiwa nje, nikamwomba msamaha, nikamwambia aibu niliyoipata mbele ya mama yake sitaisahau maisha yangu yote.

Akasema, "Aibu ni yako, utaizoea. Mimi nilikuomba chakula, ukaniangalia usoni, ukakila."

Nimeapa kwamba habari za mgonjwa nitamuuliza anayezijua, hata awe na umri wa mtoto wangu, na kile nisichokijua nitakaa nacho kimya. Na mke wangu siku hizi akisema ana njaa, hata kama ndio tumetoka mezani sasa hivi, nainuka naenda jikoni.