Flavia na Sarafu za Gujarat

Flavia alikuwa mtu wa kinyaa, na sababu alikuwa nayo. Alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kigoma, ambako kipindupindu kilimchukua mdogo wake kabla hata hajaachishwa ziwa. Tangu hapo, kila kilichookotwa ardhini mama yao alikisugua kwa majivu kabla hakijaingia ndani. Mwaka 2015 Flavia alikuwa Buffalo, Marekani, mtaa wa Kensington-Bailey, akimtunza Mzee Jivraj, Mhindi, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Tabora, aliyezungumza Kiswahili kumshinda yeye.

Sasa mzee huyo, jamani, alikula na sarafu mezani. Zilikuwa za shaba, za masultani waliotawala Gujarat, India, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, zimeota kutu ya kijani, zinanuka kama damu. Macho yake hayakuona tena, kwa hiyo aliyasoma majina ya masultani kwa kidole gumba, kisha kidole kilekile kikamega chapati. Flavia alitazama pembeni.

"Huyu ni Mahmud," mzee alisema huku akitafuna. "Wanasimulia kwamba alilishwa sumu kidogo kidogo tangu utotoni, ili asiuawe kwa sumu. Nzi akitua mwilini mwake, nzi anakufa."

"Mzee, nakuomba. Tunakula."

Kiangazi hicho mzee akaanza kuharisha. Daktari alisema ni tumbo tu, atapona. Flavia hakumwamini hata chembe. Aliiona kutu ile ikishuka kooni mwa mzee, akamwona mdogo wake akiviringishwa kitenge. Mzee alipolala mchana, Flavia alichota majivu kwenye jiko la nyama choma la jirani, akakamua malimau, akazisugua sarafu kwa stiliwaya mpaka shaba ikang'aa. Alifurahi, maskini.

Jioni mzee akashika sarafu moja. Kidole gumba kikazunguka kikitafuta maandishi, kikarudi, kikazunguka tena. Akashika nyingine.

"Flavia, umezifanya nini?"

"Nimezisafisha, mzee. Zilikuwa zinakuua."

Mzee aliirudisha sarafu mezani.

"Nchi ya masultani hawa waliichukua Wamughali, watawala wa kaskazini," alisema. "Majina yalikuwa yamebaki hapa."

Akazikusanya zote, akampa. "Ziondoe mezani, binti yangu. Tule."

Meza ikawa safi kama Flavia alivyotaka siku zote. Mzee hakugusa chakula. Flavia alimega chapati, na harufu ya limau vidoleni mwake ikamtia kichefuchefu.