Ploti ya Dakika Tano

Kama kuna mtu amewahi kuchoka kunishinda, aje tupimane. Nitamwachia kiti akae kwanza.

Hiyo miaka ya elfu mbili na kitu nilikuwa nafanya kazi kwa kinu ya unga pale Kitale, na bibi yangu na watoto wanne walikuwa Bungoma. Mimi nilikuwa nimepewa chumba ya bure kwa ndugu ya baba, huko njia ya Kachibora, mbali kidogo. Mbali kidogo ni maneno ya adabu. Nikitoka huko na baiskeli jogoo ikiwika, nafika Kitale huyo jogoo ameshapikwa, ameliwa, na mifupa imepewa mbwa. Magoti yangu ilikuwa inalia kwa kila mlima. Siku moja mtu wa boda ya baiskeli alinisimamisha akaniambia, "Mzee, paka hiyo mnyororo mafuta." Nikamwambia si mnyororo, bana, ni mimi.

Jumamosi nikimaliza kazi naenda Bungoma. Nafika nikiwa mweupe kwa unga na mwekundu kwa vumbi, naketi kwa meza, nalala na tonge iko mdomoni. Jumapili mchana narudi. Sasa siku moja mtoto wetu wa mwisho alinifungulia mlango, akaniangalia kutoka kofia mpaka gambuti, akaita, "Mama! Kuna mgeni!"

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Bibi yangu hakucheka. Alingoja nimalize.

"Baba watoto," akasema, "mimi niliolewa na mtu ama niliolewa na Jumamosi?"

"Si unajua kazi iko mbali."

"Basi lete nyumba karibu na kazi. Chagua mtaa huko Kitale, nunua, tukae wote pamoja. Mvua ya kupanda mahindi ikianza kama bado, usikuje tena kututembelea. Kaa huko na unga yako."

Huyo mama hatishangi mtu bure. Akisema kitu, hata kuku zinanyamaza zisikie.

Basi tuliuza ng'ombe, tukachanganya na akiba yetu, nikaanza kutafuta. Kila siku saa ya chakula natoka kinu, natembea na broka. Huyo broka alikuwa mtu wa kwetu Bungoma kabisa, kila kitu kwake ilikuwa "mzuli." Alinipeleka kwanza mtaa wa chini kwa bonde. Matope ya huko ilikuwa na tabia ya kunyang'anya. Ilichukua gambuti yangu ya kushoto, tukavuta watu wawili, ikarudi bila soksi. Mbu nazo zilikuwa kubwa, moja ilitua kwa bega yangu nikafikiri ni broka ananishika.

"Lakini ni mzuli," broka akasema. "Maji iko kalibu."

"Maji iko ndani ya nyumba!" nikamwambia.

Akanipeleka mtaa mwingine, nyuma ya msikiti. Hapo nilipapenda. Watu wa hapo ni wafanyabiashara, wametoka kila pahali, wanafagia mpaka barabara, na kila mlango nilipewa chai. Nilirudi kazini nikisikika kama mtungi. Lakini ploti zilikuwa ndogo. Ukikohoa, jirani anakuambia pole bila kuamka kwa kiti yake. Nikafikiria watoto wangu wanne na kelele yao, nikasema hapana, hao watu wazuri hawajanikosea kitu.

Ni hapo hapo, nikinywa chai ya mwisho, nilipata mzee mmoja Mwislamu, fundi wa cherehani. Akaniambia ana nyumba ya mbao, vyumba vitatu, anaiuza sababu anahamia kwa binti yake. Nikamuuliza iko wapi.

"Unafanya kazi wapi wewe?"

"Kwa kinu."

"Basi ukipiga chafya kitandani, kinu itakujibu."

Tulienda. Kutoka mlango ya hiyo nyumba mpaka geti ya kinu ilikuwa dakika tano. Nilienda nikarudi mara tatu nisiamini. Njia ilikuwa moja nyembamba, michongoma huku, nyumba za watu huku, halafu geti. Nikauliza maji, iko. Nikauliza matope, hakuna. Nikauliza wezi, mzee akacheka. Nikauliza majirani.

"Wazuri," akasema. "Hapo mbele kwa njia kuna mama mmoja amekuja juzi tu. Mama mwenye heshima sana. Hata hatazami wanaume."

Nilifurahi! Nikasema huyo ndiye jirani nataka.

Sasa mtu wa kwetu akinunua shamba, kitu ya kwanza anauliza si maji. Anauliza ni ukoo gani unakaa hapo, na nani alioa wapi. Lakini hii ilikuwa mjini, na mimi nilifikiri mjini hakuna wakwe. Tena bibi yangu alikuwa ameniambia, Jumamosi moja, ati mama yake ameteremka kutoka Kapsokwony, shemeji amepata kazi ya ualimu Kitale amekuja naye. Nilimjibu "vizuri" nikiwa nimelala. Hiyo "vizuri" imenisumbua kuliko uongo wote nimesema maishani, na nimesema mwingi. Na yeye sikumwambia nyumba iko upande gani. Nilitaka aone mwenyewe, ashangae.

Alishangaa.

Tulihama wiki moja kabla ya mvua. Nilibeba kitanda kwa mgongo, nimeinama kama kobe, bibi nyuma yangu na sufuria, watoto nyuma yake na kuku. Kwa hiyo njia nyembamba nikaona mama mzee ameketi mlangoni anachagua maharagwe. Akainua uso. Ilikuwa uso ya bibi yangu, imeongezwa tu miaka thelathini.

Kwetu, mwanaume na mama ya bibi yake hawaonani uso kwa uso. Hawasalimiani kwa mkono, hawaketi pamoja, wakikutana kwa njia mmoja anaingia msituni. Siku ya harusi yangu nilimwona mgongo tu, tena kwa mbali. Ni heshima, si chuki. Lakini hiyo heshima inataka nafasi, na hapo nafasi haikuwa. Yeye alijifunika leso kichwa yote, akaruka, maharagwe ikamwagika mpaka kwa miguu yangu, akakimbilia nyuma ya nyumba. Mimi nikaingia michongoma na kitanda yangu.

"Baba watoto, mbona unaingiza kitanda kwa ua?"

"Mama yako!"

"Mama yangu amekukosea nini?"

"Yuko hapo!"

Bibi yangu akaweka sufuria chini. Akaangalia maharagwe, akaangalia miguu yangu inatoka kwa michongoma, akaanza kucheka na kulia, yote pamoja. Miiba ilinitoka kwa wiki mbili. Moja naona bado iko.

Kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Bungoma akiwa amekasirika. Hata chai alikataa.

"Uza," akasema. "Mtu hajengangi kwa mlango ya mkwe. Watoto watakuwa wagonjwa, na wewe utakuwa kichekesho."

"Kichekesho nimekuwa tangu nizaliwe."

"Uza, bana! Warudi Bungoma, utafute pahali ingine polepole."

Iko njia ya kumaliza hiyo haya, inataka kondoo, na blanketi, na wazee wa pande mbili waketi siku nzima. Lakini hao wazee wenyewe walikuwa wamekosana, hakuna mmoja angeketi na mwenzake hata kwa ng'ombe kumi. Bibi yangu alikuwa amesimama mlangoni na mtoto wa mwisho mgongoni. Alikuwa ananiangalia tu kama nitasema "polepole."

Nikasema, "Hawarudi. Nitakuwa nazunguka."

Na nikazunguka. Bana, hiyo kuzunguka! Unatoka nyuma ya nyumba, unashuka kwa mashamba ya mahindi, unavuka mto kwa ubao moja, unapanda mpaka reli, unafuata reli, unateremka nyuma ya stoo za mahindi, ndio unaona kinu, ile ile unaweza kuitupia jiwe ukiwa jikoni kwako. Dakika hamsini. Baiskeli haipiti, labda uibebe, na mimi nilijaribu siku mbili nikaona sasa ni yeye ananipanda. Nyapara wa kinu alikuwa ananiuliza, "Wewe si ulinunua hapa karibu?" Namwambia ndiyo. "Mbona unafika kama mtu ametoka Uganda?" Namwambia ni hewa.

Nilifanya hivyo miezi, mpaka mahindi ikawa refu kunishinda. Sikuwa nachekanga sana tena. Nikifika nyumbani nalala na tonge mdomoni vile vile, ila sasa watoto walikuwa wanakaa hapo wanaitoa. Bibi alikuwa ananikanda goti na maji ya moto na chumvi. Nafikiri alimwambia mama yake habari ya hiyo goti. Mimi hakuniambia amemwambia.

Jioni moja natoka kazini, nimefika kwa ule mto, nimeweka mguu kwa ubao, naona mtu anatoka upande wa nyumbani na mtungi na fimbo. Leso ile. Tukaonana. Yeye akageuka haraka, fimbo ikateleza, akaketi chini kwa nyasi, mgongo kwangu. Mimi nikageukia reli. Hakuna aliyeweza kukimbia. Mimi goti ilikataa. Yeye nilisikia anapumua kama mtu amepanda Elgon yote.

Kati yetu, hapo kando ya mto, kulikuwa na ng'ombe ya mtu imefungwa kwa kamba, inakula.

Nikaona siwezi kumwacha mama mzee hapo chini. Na kuongea naye siwezi. Nikasema, "Ng'ombe, uliza mama kama ameumia."

Ng'ombe inatafuna.

Halafu sauti, kumbe ni ya bibi yangu tena, lakini ya chini: "Ng'ombe, mwambie sijaumia. Niulizie, yeye anafanya nini huku?"

"Mwambie napita huku kila siku. Njia ya mbele nimemwachia yeye."

Ng'ombe ikainua kichwa, ikamwangalia, ikaniangalia. Yule mama akasema, "Wuu!" Halafu akaanza kucheka ndani ya leso, nikaona mabega inatikisika.

"Ng'ombe, mwambie mimi nimeanza wiki hii kuteka maji huku, kwa chemchemi ya ng'ambo ya mto. Nilisikia ana goti mbaya. Njia ya mbele nimemwachia yeye."

Nilitaka kucheka na mimi, lakini nilikuwa nimechoka, ilitoka tu hewa. Tulikaa hivyo, yeye anaangalia mahindi, mimi naangalia reli, wazee wawili tumezunguka mji mzima tukikimbiana, na ile njia fupi imebaki haina mtu.

"Ng'ombe," akasema, na hapo hakuwa anacheka, "mwambie mimi nina binti mmoja. Amekaa miaka mingi bila bwana kwa nyumba. Sitaki arudi Bungoma sababu ya mlango yangu. Asubuhi mimi sitokangi mpaka jua liwake. Jioni king'ora ya kinu ikilia nitafunga mlango, nitafungua akishapita. Apite kwa njia yake. Hiyo ndiyo heshima mimi naweza. Hii mto siwezi tena."

"Mwambie asante, ng'ombe." Ilikuwa maneno kidogo sana kwa mtu kama mimi, lakini ndiyo iliyokuwa.

Nikashuka mbali kidogo chini ya mto, nikavukia kwa maji, gambuti ikajaa, ili yeye apate ubao. Sikuangalia nyuma mpaka nikasikia fimbo yake imefika upande wa pili.

Kesho yake king'ora ililia. Nikapita geti, nikaingia ile njia ya michongoma. Nikiwa bado mbali nikasikia mlango unafungwa, polepole, kama mtu anafunika mtoto. Nikavua kofia nikipita, hata kama hakuna wa kuona.

Bibi yangu alikuwa bado anawasha moto. Aliponiona mlangoni akashika kifua.

"Wamekufuta kazi?"

"Hapana. Nimefika tu."

Nikaketi, nikamwambia nitamweleza kila kitu. Lakini nililala kabla maji ya ugali ichemke, na gambuti zote mbili miguuni.