Kule Wapi?

Siku nilipomaliza mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi, muuguzi alinipa mfuko wa vidonge na ushauri mmoja: "Mama, ukifika nyumbani, wewe na baba mrudie maisha ya kawaida."

Nikamshukuru. Nikarudi Mtwara, nikapumzika mpaka nguvu zikarejea, kisha mimi na mume wangu tukaingia shambani Naliendele kupalilia mihogo na kuokota korosho. Hayo ndiyo maisha yetu ya kawaida. Kitandani kila mtu alilala upande wake. Yeye aliogopa kuniumiza, nami niliogopa kuumizwa, na kwa kuwa hakuna aliyetuambia lolote, tukadhani huko ndiko kujitunza.

Nilipokwenda kliniki kuangaliwa kama saratani imerudi, daktari alishindwa kunipima. Alijaribu tena, nikapiga kelele. Njia ilikuwa imeziba. Akasema mionzi huifanya nyama ya ndani ikakamae na kushikana, ndiyo maana mgonjwa hupewa kijiti cha plastiki cha kuitanulia, au huambiwa aendelee kulala na mumewe.

"Kwa nini hukufuata ushauri?" akanigombeza. "Si ulielezwa?"

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilielezwa nini? Maisha ya kawaida! Watu hawa walinivua nguo mbele ya wanafunzi, wakanichora alama za wino tumboni za kulengea mionzi, wakanipanua miguu, na hakuna aliyeona haya. Haya iliwajia siku ya kunieleza! Mimi nimechezwa unyago. Makungwi walinitajia kila kitu kwa jina lake, tena kwa nyimbo na vicheko, nikiwa binti mdogo. Leo nina wajukuu, msomi mzima anashindwa kunitajia uke wangu mwenyewe. Wanaziita sehemu za siri. Siri wanamficha nani, mwenye nazo?

"Dokta," nikamuuliza, "imerudi au haijarudi?"

Akaangalia pembeni. "Siwezi kuona, mama. Anza na kijiti chembamba, taratibu. Ikishindikana, itabidi upewe dawa ya usingizi ndipo tukupime."

Muuguzi wa hapo akakileta kijiti kimeviringishwa gazetini kama kitu cha wizi. Akaninong'oneza kwamba nikipake mafuta, halafu nikiingize kule.

"Kule wapi?" nikamuuliza kwa sauti. "Kivukoni Kilambo, nivuke nacho Msumbiji?"

Hakucheka. Nikamwambia sitoki mpaka alitaje jina la huko. Akalitaja, kwa shida, akitazama sakafu.

Nje, kwenye benchi, alikaa mama mmoja mwenye mfuko wa vidonge kama ule niliopewa mimi. Nilimuuliza alichoambiwa siku alipomaliza mionzi. Akatabasamu, akasema wamemwambia arudie maisha ya kawaida.

Nikaketi karibu naye, nikalifungua gazeti, nikamwonyesha kijiti na kumwambia kinaingia wapi na kwa nini. Muuguzi alichungulia mlangoni akaniomba nipunguze sauti. Sikupunguza. Yule mama bado ana njia ya kupimwa. Mimi sijui kama saratani imerudi.