Misiba ya Dominika wa Mwazye

Kila mji unaye mwanamke mmoja ambaye watu humtaja kwa sauti ya chini kwanza, halafu wakacheka. Bandarini huwa mwizi wa pochi mwenye macho mazuri. Kwenye machimbo huwa muuza gongo aliyewahi kumpiga askari kibao na kuomba msamaha kesho yake, na siku ya tatu akampiga tena. Sumbawanga inaye Dominika, na kosa lake ni kwamba alizika watu ambao hawakufa.

Leo anaishi Kizwite, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mlango wa bati, na anauza unga wa ulezi kwenye beseni la bluu. Ni mfupi, mnene mabegani, na shingo yake imenyooka kama ya mtu anayesikiliza kitu cha mbali. Wakitoka shule, watoto humwimbia, "Mama Misiba, leo kafa nani?" Naye hujibu bila kuinua macho kutoka kwenye beseni, "Leo atakufa mwalimu wako wa hesabu, kawahi kumuaga."

Alizaliwa Mwazye, kule ambako mashamba ya Tanzania na ya Zambia yanatazamana na watu wa pande zote mbili wanaitana shemeji. Kaka yake, Leonardi, alioa upande wa pili akabaki huko. Kwa hiyo, tangu utotoni, mpaka wa nchi ulikuwa kwa Dominika njia ya kwenda kwa ndugu, na alishangaa sana alipokua akaambiwa kwamba kilo ya sukari ikivuka njia hiyo kichwani mwake inakuwa kosa. Sukari ya ng'ambo ilikuwa rahisi, ya huku ilikuwa ghali, na mume wake alikuwa ameshakwenda Mpanda kutafuta dhahabu na kupata mke mwingine. Alikuwa na mtoto mmoja, Flavian, na kichwa kimoja cha kubebea.

Wengine walivuka usiku kwa njia za porini na kukamatwa. Dominika alivuka mchana, barabarani, getini kabisa. Alichokiona yeye, ambacho kila mtu wa Ufipa alikuwa anakiona tangu azaliwe bila kukitumia, ni kwamba hakuna anayesimamisha wanawake wanaokwenda msibani. Kanga zimefungwa kiunoni, vikapu kichwani vimejaa unga na maharage ya kuwapikia wafiwa, hawazungumzi, wanatembea kwa mstari. Mwanamume akikutana nao hushuka kwenye baiskeli. Dereva hupunguza mwendo. Nani atawaambia wateremshe vikapu?

Basi Dominika akakusanya wanawake wenzake, wa kwanza wao akiwa Mary, jirani yake mwenye mdomo mrefu na moyo mkubwa. Juu ya kikapu unga, chini sukari. Akawafundisha kutembea. Hilo ndilo lililokuwa somo gumu, maana sukari ni nzito na hukaa tuli kama jiwe, na mwanamke aliyebeba sukari hukaza shingo na kupiga hatua fupi, wakati aliyebeba unga huachia kiuno.

"Legeza kiuno, Mary!" alikuwa akimwambia nyuma ya nyumba. "Unakwenda kulia, huendi kupigana."

"Nalegezaje na mzigo huu, dada? Labda nife mimi mwenyewe, mnibebe."

Taarifa ilikuwa moja siku zote. Mtu akipiga simu na kusema, "Mama mdogo amefariki," wanawake walijua kuna mzigo, wakachukua vikapu vyao. Na pale getini alikuwepo afisa wa ushuru aitwaye Sebastiani, mtu wa Laela, mkubwa wa mwili, mlokole wa Kikatoliki kama walivyomtania wenzake, kwa sababu alisali rozari mezani pake. Kila mara Dominika alipopita, alipiga goti kidogo na kupiga makofi polepole, salamu kamili ya Kifipa, na Sebastiani aliinuka kitini akaitikia vivyo hivyo.

"Poleni sana, mama. Ni nani tena?"

"Mama mdogo, baba. Yule wa mwisho."

"Mungu awatie nguvu. Pitieni."

Mama mdogo alikufa mara nyingi miaka ile. Watoto wa Mwazye walikwenda shule na viatu kwa sababu yake, na Flavian alimaliza sekondari.

Kilichomwangusha Dominika hakikuwa ujanja wa askari wala umbea. Ilikuwa huruma. Sebastiani alimhesabia misiba yake akaona ukoo huu unateketea, na yeye kila mara anasema pole kwa mdomo tu. Jumapili moja alimchukua mke wake, wakafunga unga kwenye kanga, wakachukua na jogoo mmoja, wakapanda pikipiki mpaka Mwazye kuwahani wafiwa. Walipofika waliuliza kwenye msiba ni wapi. Watu wakatazamana. Mtoto mmoja akawaelekeza kwa Dominika, ambako kulikuwa na wanawake wengi, kweli, na vicheko, na sukari imemwagwa kwenye turubai inagawanywa. Mary ndiye aliyewaona kwanza. Alitazama yule jogoo, akatazama sukari, akaanza kulia kwa sauti kubwa.

"Nyamaza," Dominika alimwambia. "Umechelewa."

Mahakamani hakimu alijifunika mdomo kwa karatasi. Hadithi ilifika Sumbawanga kabla ya Dominika kufika gerezani, na Sebastiani akawa Seba wa Jogoo kuanzia stendi mpaka Laela. Wenzake kazini walikuwa wakiwika akipita. Dominika alitumikia mwaka wake, akatoka, na hakurudi Mwazye kuishi. Alichukua chumba Kizwite akaanza na beseni lile. Hakuna aliyemsikia akijitetea. Alisema alichofanya alikifanya, na asiyependa anunue unga kwa mwingine. Nao walinunua kwake, kwa sababu unga wake haukuwa na mchanga.

Ila palikuwa na jambo moja lililomnyima usingizi, nalo ni mama yake mwenyewe, Hellena. Bibi huyu alikuwa hai wakati wote ambapo wadogo zake wa uongo walikuwa wanakufa, na aliwahi kumwambia binti yake, bila hasira, akipepeta ulezi, "Umewamaliza wote, Dominika. Siku yangu ikifika nani atakuamini?"

Siku yenyewe ilifika mwezi wa sita, baridi ikiwa kali. Hellena alikuwa kwa Leonardi ng'ambo, amekwenda kuwaona wajukuu, akaugua kifua. Dominika aliitwa akamfuata huko, na asubuhi moja bibi akafa, binti yake akiwa ameshika mkono wake. Kabla ya hapo aliomba kitu kimoja tu: alazwe Mwazye, ubavuni mwa mumewe, na watu wawepo.

Dominika alitoka nje akampigia simu Mary.

"Mary. Mama amefariki."

Sauti ya Mary ikashuka kwa furaha. "Aisee! Baada ya miaka yote hii! Nilijua tu utarudi. Tuje wangapi?"

"Mary, mama amefariki. Mama Hellena."

"Nimekuelewa, dada. Mama, siyo mama mdogo, umebadilisha kidogo, vizuri. Tunakuja na vikapu."

Simu ilikatika. Dominika alipiga tena, haikupatikana. Mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akalia peke yake.

Walifika mchana, wanawake kundi zima wamefunga kanga viunoni, wamenenepa na kuzeeka kidogo. Dominika aliwakimbilia akamwangukia Mary begani, akilia.

Mary alimpigapiga mgongoni. "Wewe mwanamke," alimnong'oneza sikioni, "leo umelia kuliko siku zote. Mpaka mimi nimeogopa. Tunavuka saa ngapi?"

Dominika alimshika mkono akamwingiza ndani, ambako Hellena alikuwa amelazwa juu ya mkeka, amefungwa kitambaa kidevuni, rozari vidoleni. Mary alisimama mlangoni. Kisha akapiga magoti, na wenzake nyuma yake mmoja mmoja, bila kuambiana.

Kabla jua halijaanza kushuka waliliweka jeneza kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa Leonardi wakaanza safari. Wanaume walitangulia na ng'ombe, wanawake wakafuata na vikapu vyao. Dominika alitembea kando ya gurudumu, mkono juu ya ubao. Walipokaribia geti aligeuka nyuma kuwatazama waliokuja kumlilia mama yake, na hapo akaona shingo. Zimekazwa. Hatua ni fupi.

Alimwacha Leonardi na ng'ombe akarudi mpaka kwa Mary.

"Kuna nini humo?"

"Unga."

"Mary."

Mary aliinamisha macho. "Tulipitia dukani kabla ya kufika kwenu, dada. Tulijua ni kazi. Tulipomwona mama tukaona haya kusema. Tungeimwaga wapi? Ni mitaji ya watu." Akaongeza harakaharaka, "Lakini leo tuna maiti ya kweli! Hawawezi kutugusa. Hata mama Hellena angecheka, unamjua alivyokuwa."

Ni kweli, Hellena angecheka. Dominika alijua pia kwamba Mary hakosei kuhusu geti: safari hii, kwa mara ya kwanza, wangepita na ushahidi. Hakukuwa na pa kugeukia, barabara imenyooka na geti linawaona.

Aliyetoka kibandani alikuwa Sebastiani. Alikuwa amepungua mwili. Alisimama katikati ya barabara akatazama mkokoteni, kisha wanawake, kisha Dominika, na hakuinama kwa salamu.

"Ni nani mara hii?" alisema. "Maana mama mdogo nimemzika mimi mwenyewe kichwani mwangu mpaka nikachoka."

"Ni mama yangu, baba. Aliyenizaa."

"Una karatasi ya kijiji?"

"Ninayo."

Aliisoma akairudisha. "Karatasi hata zamani ulikuwa nazo. Fungueni jeneza."

Leonardi alipandwa na hasira. "Wewe bwana una mama? Umfungue marehemu barabarani, upepo huu, ng'ombe wanatazama?"

"Aliyenifundisha kufungua ni dada yako," alisema Sebastiani. "Mimi niliamini, nikaleta jogoo. Wewe hujawahi kuwikiwa na watu wazima, bwana. Fungua."

Dominika alimsogeza kaka yake pembeni. Alitazama mkono wa Sebastiani, umeshaukaribia ubao. Aliona jinsi itakavyokuwa: kifuniko kinainuliwa, afisa anaaibika, anaomba radhi, geti linafunguliwa, na vikapu vinapita salama nyuma ya mama yake kama vilivyopita nyuma ya wote wale wasiokuwepo. Angekuwa amemzika Hellena kama alivyomzika mama mdogo.

"Jeneza ni la kweli," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa mstari. "Vikapu vina sukari."

Nyuma yake Mary alivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji.

Sebastiani alibaki na mkono hewani. "Umesemaje?"

"Chini ya unga kuna sukari, vikapu vyote. Ni yangu. Hawa nimewaita mimi, mchezo nimewafundisha mimi. Chukua sukari, na mimi nichukue. Ila jeneza usilifungue, na leo uniache nizike."

"Kwa nini unaniambia? Ungepita."

"Ningepita, ndiyo." Alijifuta pua kwa pembe ya kanga. "Mama aliomba azikwe na watu wanaoamini kwamba amekufa. Naanzia kwako, kwa sababu wewe ndiye niliyekudanganya zaidi."

Afisa akaenda kwa Mary, akaingiza mkono kwenye unga mpaka kiwikoni, akautoa na sukari imeshikana vidoleni. Akawaambia wanawake washushe vikapu vyote kibandani. Walishusha. Alirudi kwenye mkokoteni, akasimama mbele ya jeneza, akafanya ishara ya msalaba bila kuligusa.

"Kesho asubuhi," alimwambia Dominika. "Usinifanye nije kukutafuta Mwazye. Sina hamu ya kwenda Mwazye."

Wakavuka. Wanawake walitembea mikono mitupu, na kwa kuwa hawakuwa na kitu vichwani hawakujua wafanye nini na shingo zao. Mwazye watu walikuwa wamesimama mbali, kila mmoja mlangoni kwake, wamekunja mikono, wanasubiri kuona kichekesho kitaishaje. Ni mpaka mkokoteni ulipoingia uani na Mary akapaza sauti, "Tumekuja mikono mitupu! Sukari imebaki getini, Dominika ameisema mwenyewe! Mama Hellena amekufa, jamani, njooni!" ndipo mlango wa kwanza ulipoachwa wazi, halafu wa pili. Wazee walikuja na majembe. Wanawake walikuja na kuni. Wanajumuiya, ambao walikuwa wamemfuta Dominika kwenye sala zao, walikuja na kitabu cha nyimbo.

Hellena alishushwa ubavuni mwa mumewe giza likianza kuingia, na udongo ulipoanza kugonga ubao Mary alijitahidi kulia akashindwa; miaka mingi alikuwa amelia kwa amri. Alisimama tu, akiwa amemshika Dominika kiuno.

Asubuhi Dominika alioga maji baridi, akabadilisha kanga, akamkataza Leonardi kumsindikiza. Mary alitaka kwenda naye akasema nusu ya sukari ilikuwa yake. "Wewe una watoto wadogo," Dominika alimwambia. "Na uongo hujawahi kuuweza."

Alitembea peke yake mpaka getini. Sebastiani alikuwa kwenye benchi nje ya kibanda, kikombe cha chai mkononi, jua likimpiga usoni. Alimwona tangu mbali na hakuamini mpaka Dominika alipofika mbele yake, akapiga goti na kupiga makofi polepole. Safari hii Sebastiani aliinuka akaitikia.

"Sikufikiri utakuja," alisema.

"Watu walijaa, baba. Mpaka uani hapakutosha." Akaketi kwenye ncha ya pili ya benchi. "Mama amezikwa. Sasa andika."