Kibanio cha Cheni Siku ya Posa Yangu

Mpaka leo nikipita kichochoro kile cha Mkunazini nnatazama chini, kwa sababu aibu niliyoipata pale niliitafuta mwenyewe, tena kwa baiskeli.

Ilikuwa Ijumaa, wazee wangu wamekwenda kuniposea Rukia, na mnajua kwetu muoaji haendi kwenye posa yake, anakaa nyumbani kungoja majibu. Mimi kungoja kulinishinda. Nikasema ntapita mara moja tu, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi, nisikie dirishani mambo yanakwendaje, kisha nirudi. Tatizo cheni ilikuwa imekatika asubuhi. Nikenda Darajani nikanunua kiungo, kile kipande kidogo chenye pini mbili na kibanio chake kama kisamaki, na muuzaji akaniambia, "Kichwa hiki kilichoziba kielekee mbele, cheni inakokwenda, mkia ulio wazi ubaki nyuma, la sivyo kitachomoka." Nikamwambia nnajua (wala sikuwa nikijua). Nyumbani nikakibana kinyume, kikalia tik, nikaridhika, nikapanda na kanzu yangu ya msikitini.

Nafika chini ya dirisha la kina Rukia, namsikia mjomba Haji anamwaga sifa: "Kijana wetu mtulivu, si mtu wa kuzurura vichochoroni." Papo hapo kibanio kikaruka, cheni ikaachia, ikajisokota na pindo la kanzu kwenye gurudumu, mimi na baiskeli tukaenda chini kwa kishindo mbele ya mlango wao, na nilipotaka kukimbia kanzu ikanivuta nikaanguka mara ya pili.

Wakatoka wote. Mzee Suleiman, babake Rukia, akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema pale pale chini.

"Marahaba. Wewe nani?"

Nikamtazama mjomba, mjomba akatazama ukuta. "Simjui," akasema.

"Ndiye muoaji huyo," akajibu Rukia mwenyewe kutoka dirisha la juu, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Nikajua nshakosa mke. Basi nikaazimia, kama nimemkosa, sitaondoka pale nikisukuma baiskeli mbele ya macho yake. Nikalichana pindo la kanzu, nikapiga magoti kukitafuta kibanio, mikono imejaa grisi, Mzee Suleiman anasema, "Wacha tukuitie fundi," na mimi nasema, "La, mzee, ntaifunga mwenyewe." Nikakiona karibu na kiatu chake. Safari hii kichwa mbele. Nikabana, nikazungusha pedeli, ikashika, nikaaga kwa adabu nikenda zangu.

Baada ya siku kadhaa majibu yakaja: wamekubali. Mzee alisema aliyekataa kuiacha cheni yake njiani hatomwacha binti wa watu. Na mahari, kwetu, huyataja bibi harusi mwenyewe. Rukia hakutaka dhahabu wala kitanda, alitaka baiskeli mpya, na sharti lake moja, iwe na kifuniko cha cheni.

Nikainunua. Anaipanda yeye, mimi nimekatazwa kuigusa. Kuchungulia posa nimeapa sirudii, na siku watakapokuja kumposa binti yetu, nikisikia baiskeli inaanguka nje ya dirisha, ntasema namjua.