Gitaa nyekundu ya bendi ilinimaliza mkono: nilivyochagua yangu, Kisumu ya eighties

Wakuu, salamu kutoka huku kando ya ziwa. Na nyinyi mnaosoma tu bila kuandika, nawasalimu pia.

Jana nimepitia ule uzi wa kijana anayeuliza anunue gitaa gani ya umeme. Majibu ni brand juu ya brand. Mmoja anamwambia achukue ile classic kwa sababu magwiji wote walipiga hiyo. Nimesoma mpaka chini nikitafuta mtu mmoja tu amuulize mkono wake uko aje na anapiga muziki gani. Sikumpata.

Kwa hivyo acha niandike yangu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wako hai, na watoto wao nadhani wako humu.

Ndio, mimi ni mwanamke. Mnaotaka picha, endeleeni na shughuli zenu.

Nimezaliwa Asembo. Gitaa nilifunzwa na mjomba wangu, katekista, kwa ile box guitar ya kanisa, isiyo ya umeme. Nilipomaliza shule nikaja Kisumu kukaa na dada yangu Rose, nikapata kazi ya kuchapa barua kwa ofisi ya wakili mmoja. Mchana typewriter, jioni gitaa. Hayo ndiyo yalikuwa maisha.

Mtaani Kondele kulikuwa na bendi ya benga ya mzee mmoja, nitamwita Mzee Otiato. Alikuwa anapiga bass na kuimba. Mtu mkubwa, akikusalimia mkono wako unapotea ndani ya wake. Solo guitarist wake alikuwa amehamia Nairobi, na mzee alikuwa anatafuta mwingine.

Nilienda Jumamosi moja wakati wa mazoezi. Hakuna aliyenipeleka.

Wanaume waliangaliana. Nikapiga. Wakaacha kuangaliana.

Mzee akawaambia wenzake, "Huyu binti wa Asembo anajua kitu. Mpeni gitaa."

Hiyo gitaa waliyonipa sasa ndiyo stori.

Ilikuwa nyekundu, inang'aa, ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Ile design ya kitambo mnayoisifu humu kila siku. Mwili wa mbao nzito, shingo nene kama mpini wa jembe, na pickup zake, yaani zile sumaku za kunasa sauti chini ya nyuzi, zilikuwa za kupanga mbili mbili. Mzee aliipenda kuliko kitu chochote cha bendi. Kuna watu walikuwa wanakuja karibu na jukwaa kuiangalia tu.

Na sauti yake ilikuwa tamu, lazima niseme ukweli. Nene, inavutika kama asali. Wimbo wa polepole ukiwa peke yako, unaweza kujiliza.

Lakini benga si wimbo wa polepole.

Kwa wale hawajui: waimbaji wakimaliza maneno, solo inapanda juu, bass inasukuma kutoka chini, na hapo ndipo watu wanacheza kweli. Hiyo sehemu solo lazima ikate. Ikizama, ngoma imekufa. Sasa ile sauti nene ya nyekundu ilikuwa inakaa pahali pamoja na bass na rhythm, kama watu watatu wanang'ang'ania mlango mmoja.

Nilimwambia Mzee hata mimi mwenyewe sijisikii. Akanijibu, "Piga na nguvu."

Nikapiga na nguvu. Na hapo mkono ukaanza.

Vidole vyangu ni vifupi. Kufikia fret za mbali, yaani vile vyuma vya kukatiza shingo, kwa shingo kama ile ilibidi nikunje kiwiko na wrist vibaya, na kidole gumba kibane huko nyuma kama koleo. Uzito nao unavuta bega. Jumatatu nikifika ofisini vidole vimekaza, barua ya wakili inatoka na makosa kama imechapwa na mlevi.

Nilivumilia. Msichana wa kwanza kwa bendi ya wanaume halalamiki, anaogopa wataona wamekosea kumchukua.

Halafu ikaja siku ya Awasi.

Ilikuwa siku ya soko, mchana, watu wengi, vumbi mpaka ndani ya chupa ya soda. Tulikuwa tumefika pale juu kabisa kwa wimbo, watu wameshika viuno. Nikanyoosha kidole cha mwisho kufuata noti, na kidole gumba kikajifunga. Kikakataa kufunguka. Nyuzi zikanyamaza.

Umati unaocheza hausimami mara moja. Unapungua kama maji ya mfereji ukifungwa, halafu unaona nyuso zimekugeukia. Jared, mpiga rhythm wetu, mtu mpole wa kutoka Busia, aliruka akajaza ile nafasi mpaka wimbo ukaisha.

Mzee hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali. Alinipeleka kando, akaniambia kwa upole kabisa, "Nyathina, mtoto wangu, labda hii kazi si ya mikono ya wasichana."

Hayo maneno nilirudi nayo Kisumu.

Daktari aliangalia mkono umevimba, akaubonyeza hapa na pale, akaniambia nikiendelea hivyo hata typewriter itanishinda. Rose alikuwa amenisindikiza. Tulipotoka nje akasema, "Umesikia. Hivyo vidole ndivyo ugali yako. Wachana na gitaa."

Wakuu, hapo ndipo wengi wanaacha. Na sitawalaumu, maana njaa ni njaa.

Lakini nilikaa nikafikiria. Huu mkono ulikuwa umepiga box guitar tangu nikiwa msichana mdogo. Misa, harusi, matanga, siku nzima mara nyingine. Haukuwahi kuniuma. Umechapa barua za wakili, haukuuma. Umeanza kuuma nilipopewa chombo kilichochaguliwa na mtu mwingine, kwa mwili mwingine. Nimevalishwa viatu vya mzee mkubwa, nikaambiwa nikimbie, nikaanguka, halafu wakasema miguu ndiyo mibaya.

Nilipoona hivyo, hofu iliniondoka. Nilijua kabisa kwamba nitapiga tena. Kilichobaki kilikuwa kutafuta chombo.

Nilipumzika mpaka uvimbe ukashuka. Siku moja Jared alikuja kunijulia hali, akanywa chai, halafu akasema kuna bendi imevunjika kwao, Port Victoria, na vyombo vinauzwa. Viko kwa nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa kiongozi wao.

Nikamwambia, "Twende. Na ubebe gitaa yako ya rhythm."

Akaniuliza ya nini, na tunaenda kununua.

"Utaona," nikamwambia.

Mwalimu alitupokea vizuri. Gitaa tatu zilikuwa zimelazwa kwa kochi, juu ya vitambaa vya kushona, kama wagonjwa. Amplifier ilikuwa ndogo, ya kutumia betri ya gari. Mke wake alikuwa jikoni anapika samaki, na harufu ilikuwa inatusumbua sisi wote.

Ya kwanza ilikuwa ndugu ya ile nyekundu ya Mzee. Inang'aa, nzito, jina kubwa limeandikwa kichwani. Mwalimu aliipangusa kwanza kabla ya kunipa. Sikuikataa kwa macho, niliishika. Shingo ileile, bega likavutwa vilevile. Nikaicharaza kidogo, tamu sana. Jared alikuwa anatabasamu kama ameshapata.

Ya pili ilikuwa nyepesi, mwili mwembamba, shingo nyembamba pia. Nikafurahi. Lakini ilikuwa ndefu. Wengi hawajui hii: shingo inaweza kuwa nyembamba na bado fret zake ziko mbalimbali, kwa sababu uzi wenyewe ni mrefu. Kule juu nilikuwa sawa, nikirudi chini kuanza wimbo navuta vidole vilevile. Na sauti yake ilikuwa kali, inachoma sikio kama mtoto anayelilia kunyonya.

Ya tatu Jared aliicheka. Ilikuwa imetengenezwa Japan, rangi ya bluu imebanduka mpaka mbao inaonekana, kitufe kimoja cha sauti hakipo, kimebaki chuma tu. Lakini nilipoizungushia mkono, wakuu, mkono ulifunga wenyewe. Shingo ya mviringo, si nene. Fret zimekaribiana kwa sababu ni fupi. Nilikaa nayo, nikasimama nayo, nikaivaa na mkanda nikatembea ndani ya sitting room. Gitaa ukiijaribu ukiwa umekaa tu inakudanganya, maana kazi utaifanya umesimama.

Halafu nikapiga ile sehemu ya Awasi. Ileile iliyonifunga kidole. Bila umeme kwanza, nisikie mbao. Nikaipita. Nikairudia kwa kasi, nikaipita tena.

Mwalimu akasema, "Hiyo ni ya kujifunzia, madam. Ya kazi ni hii ya kwanza."

Nikamwambia asante, ngoja tusikie.

Hapo ndipo nilimwambia Jared atoe gitaa yake. Nilitaka apige rhythm kwa nguvu ya kawaida ya bendi, na mimi nipige solo juu yake, gitaa moja baada ya nyingine, wimbo mmoja, bila kugeuza vitufe vya amplifier. Kwa sababu gitaa ikiwa peke yake dukani kila moja ni tamu. Kwa bendi haitakuwa peke yake.

Ile ya jina kubwa, Jared alipoingia, ikazama. Kama tu ya Mzee.

Ya pili ilisikika, lakini Jared mwenyewe alikunja uso.

Nikachomeka ile ya bluu. Pickup zake zilikuwa za moja moja, za sauti nyembamba, safi. Sikufika mbali. Mke wa mwalimu alitokea mlangoni na mwiko mkononi, bega moja tayari linacheza.

"Hizo zingine nilisikia tu kelele," akasema. "Hii nimeisikia mpaka jikoni."

Mwalimu alimwangalia mke wake, akaniangalia mimi, akacheka. Bei msiniulize, tulielewana. Samaki tulikula pia.

Kumwonyesha Mzee ndiyo ilikuwa kazi.

Aliigeuza ile gitaa kwa mikono yake mikubwa kama mtu anayekagua kuku mgonjwa. Akasema, "Bendi yangu ina sauti yake. Na watu wakiona hii rangi watasema tumefilisika."

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia, "Mzee, nakuheshimu. Nipe wimbo mmoja mbele ya watu. Nikizama, narudi kwaya ya kanisa na hutaniona tena."

Jared akaongeza polepole, "Mzee, mpe."

Mzee akafikiria, akasema sawa. Tulikuwa tumealikwa harambee ya kujenga darasa huko Asembo Bay. Nitapiga huko.

Nyumbani kwetu. Mbele ya mama yangu, ambaye hajawahi kunisikia na umeme. Sijui kama Mzee alifanya makusudi. Alibeba na ile nyekundu, akaisimamisha karibu na amplifier ambapo nitaiona.

Siku hiyo uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Kina mama wa samaki walikuwa wamekuja kutoka ufuoni na beseni zao. Jenereta inanguruma nyuma ya darasa. Mama alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya mapaja, kama yuko kanisani.

Mzee akaimba. Maneno yakaisha. Bass ikaanza kusukuma, Jared akashika, na mimi nikapanda.

Sikupiga na nguvu. Hakukuwa na haja. Ile sauti ilitoka nyembamba na safi, ikapita juu ya bass, juu ya jenereta, nikaisikia ikigonga ukuta wa darasa na kunirudia. Nilifika ile sehemu ya Awasi, vidole vikapita. Nikairudia kwa sababu ya furaha tu. Mama mmoja aliweka beseni lake chini akaingia katikati, halafu wengine, halafu sikuona tena chini, ni vumbi. Niliona Mzee amenigeukia. Akanifanyia ishara na kidevu: endelea. Wimbo mmoja ukawa mchana mzima.

Mama yangu alinijia baadaye. Alishika mkono wangu wa kushoto, akaubonyeza polepole pale ulipokuwa umevimba, akauliza, "Hauumi?"

Nikamwambia hauumi. Akaushikilia kidogo kabla ya kuuachilia.

Tulipokuwa tunafungasha vyombo, Mzee aliniomba ile ya bluu. Akaivaa, mkanda ukamfikia kifuani. Akajaribu kupiga. Kila kidole chake kilikuwa kinakanyaga nyuzi mbili, zinatoa sauti ya sufuria. Akajaribu tena, akajicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi hii siiwezi," akasema.

Nikamwambia, "Hata mimi ile siiwezi, Mzee."

Alinirudishia gitaa yangu. Halafu akasema, "Nimesikia," na kutoka siku hiyo hakuniletea tena habari ya mikono ya wasichana. Nilipiga na bendi yake mpaka ndani ya nineties, na nilichapa barua za wakili miaka hiyo yote pia.

Nilichojifunza ni hiki. Classic ni classic kwa mkono fulani na muziki fulani. Ishike kwanza kabla hujasoma jina. Simama nayo. Piga ile sehemu inayokushinda, si ile unayoijua. Na usiichague ikiwa peke yake, iite na wenzake uone kama bado inasikika. Ukipata maumivu, usikimbilie kujilaumu, angalia kwanza chombo.

Haya, uwanja ni wenu. Nataka kusikia hasa kutoka kwa wale waliowahi kukataa chombo ambacho kila mtu alikuwa anakisifu: kilikuwa gani, na ulishika kipi badala yake? Na kina dada wenye vidole vifupi, msijifiche huko nyuma, andikeni.